Karata Moja ya Novemba: Mwongozo wa Kuchagua Chuo cha Kuombea Mapema Marekani

Vyuo vikuu vya Marekani vinavyochuja sana waombaji wake hupokea maombi kwa mikupuo miwili. Mkupuo wa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari na majibu yake hutoka mwishoni mwa Machi. Mkupuo wa mapema, kwa vyuo vingi, hufungwa tarehe 1 Novemba na majibu hutoka katikati ya Desemba. Wengi huuliza kama waombe mapema au wasubiri. Swali gumu zaidi ni waombe mapema wapi, kwa kuwa masharti yamepangwa kwa namna ambayo mwombaji hubaki na karata moja tu yenye uzito, na karata hiyo ikishatupwa mezani hairudishwi mkononi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki ambaye familia yake haiwezi kulipa gharama ya vyuo hivi, ambayo kwa vile vilivyo ghali imeshapita dola 80,000 kwa mwaka. Mwenye mzazi awezaye kulipa kiasi hicho bila msaada ana uchaguzi mwepesi zaidi, na mengi ya yafuatayo hayatamhusu.

Hatua ya kwanza: elewa unachokitia saini

Kuna aina tatu za maombi ya mapema, na tofauti zake ni za kimkataba. Ya kwanza ni Uamuzi wa Mapema, ambao kwenye fomu utauona kwa herufi ED. Huu hufunga: unaahidi kwamba chuo kikikukubali utakwenda huko na utafuta maombi yako yote kwingine. Unaruhusiwa kuomba chuo kimoja tu kwa njia hii, na ahadi hutiwa saini na watu watatu, yaani wewe, mzazi au mlezi wako, na mshauri wa shule. Dartmouth, Brown, Columbia, Cornell, Duke, Amherst na Williams hutumia utaratibu huu. Baadhi ya vyuo, kama Bowdoin, Swarthmore, Pomona, Vanderbilt na Johns Hopkins, vina pia duru ya pili yenye kufunga vilevile, inayoitwa ED II, ambayo hufungwa mwanzoni mwa Januari na kujibiwa katikati ya Februari.

Aina ya pili hutambulika kwa herufi EA. Unaomba Novemba na kujibiwa mapema, lakini hufungwi na chochote. Ukikubaliwa unaweza kusubiri majibu ya vyuo vingine na kuamua mwishoni mwa Aprili. MIT ni mfano mzuri, kwani pia haimzuii mwombaji kuomba mapema mahali pengine.

Aina ya tatu imekaa katikati. Harvard, Yale, Princeton na Stanford havimfungi mwombaji kwenda, lakini vinamzuia kuomba mapema katika vyuo vingine binafsi vya Marekani. Vyuo vya umma vya Marekani vyenye maombi yasiyofunga, na vyuo vya nje ya Marekani, havimo katika zuio hilo. Kwa hiyo kijana aliyeomba Princeton mapema anaweza, bila kuvunja sharti lolote, kupeleka maombi Oxford kabla ya tarehe 15 Oktoba, lakini hawezi kupeleka MIT mapema.

Soma sharti la chuo chenyewe, kwenye tovuti yake, mwaka uleule unaoomba. Masharti ya mwaka alioomba kaka yako yanaweza kuwa yamebadilika.

Hatua ya pili: uliza habari ya fedha kabla ya habari ya nafasi

Hapa ndipo wengi wa kwetu hukosea. Hutafuta kwanza chuo chenye jina, halafu huuliza ufadhili, ilhali kwa mwombaji kutoka nje ya Marekani ufadhili ndio unaoamua kama maombi yake yatasomwa kwa jicho moja na ya wengine.

Vipo vyuo vichache ambavyo havitazami mfuko wa mwombaji wa nje wakati wa kumchuja, na ambavyo huahidi kufidia upungufu wote wa familia kwa yule aliyekubaliwa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo katika kundi hilo tangu zamani. Dartmouth na Bowdoin viliingia mwaka 2022, na Brown ilianza na wanafunzi walioingia mwaka 2025. Katika vyuo hivi, kuomba msaada mkubwa hakukupunguzii nafasi. Harvard ilitangaza Machi 2025 kwamba familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, ikiwa na mali za kawaida, haitalipa chochote, na kwa mshahara wa mwalimu au muuguzi wa kwetu hilo halihitaji hata hesabu.

Kundi la pili ni la vyuo ambavyo humsaidia kikamilifu yule aliyekubaliwa, lakini huitazama hali yake ya fedha wakati wa kuamua kumkubali au kumwacha. Stanford, Columbia na Chuo Kikuu cha Pennsylvania hufanya hivyo kwa waombaji wa nje. Fungu lao la fedha lina mwisho, na mwombaji anayehitaji karibu kila kitu hushindania sehemu ya fungu hilo pamoja na wengine kama yeye.

Chini ya makundi hayo mawili kuna vyuo vingi vinavyotoa sehemu tu ya msaada, au visivyotoa kabisa kwa wageni. Usiombe huko kwa ED hata kama mandhari ya picha zake yanapendeza kiasi gani. Ni kweli kwamba utaratibu wa ED humruhusu mwombaji kujitoa pale ambapo msaada uliotolewa hautoshi, lakini utakuwa umeipoteza karata yako, na umebaki na wiki mbili za Desemba kuandaa maombi mengine.

Namna ya kupima chuo ambacho hakimo katika orodha hizi ni hii. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka wa takwimu uitwao Common Data Set. Utafute kwa jina la chuo na mwaka, ufungue kifungu cha H6, ambacho hueleza wanafunzi wangapi wasio raia walipewa msaada na kwa wastani wa dola ngapi kila mmoja. Chuo kikiandika kwamba kiliwasaidia wageni kumi na wawili kwa wastani wa dola 18,000, umeshajibiwa. Kifungu cha C21 katika waraka uohuo huonyesha walioomba kwa ED na waliokubaliwa. Vikokotoo vya gharama vilivyo kwenye tovuti za vyuo visikupe matumaini wala hofu, kwa kuwa vingi vimetengenezwa kwa familia za Kimarekani na mfumo wao wa kodi.

Na usifiche shida yako. Hutokea mzazi akamwambia mtoto asiombe msaada kwanza ili akubaliwe, halafu waombe akishafika. Kwa mwombaji wa nje, vyuo vingi husema wazi kwamba asiyeomba msaada wakati wa maombi hataweza kuuomba baadaye. Mbinu hiyo imewarudisha watu nyumbani.

Hatua ya tatu: pima faida ya kuomba mapema kwa hesabu

Watu husema kwamba kuomba mapema huongeza nafasi mara tatu. Tuitazame Brown. Desemba 2023 ilipokea maombi ya ED 6,244 na kuwakubali 898, yaani zaidi ya 14 katika kila mia. Hadi mwisho wa msimu, jumla ya maombi ilikuwa 48,881 na waliokubaliwa 2,521, yaani 5 katika mia. Ukiwaondoa wa mapema, wale wa kawaida walibaki kama 42,600 wakigombea nafasi zipatazo 1,600, ambayo haifiki 4 katika mia. Kwa namba hizo pengo linaonekana kubwa kweli.

Lakini ndani ya wale 898 wamo wanamichezo ambao makocha walishawachagua tangu zamani, wamo watoto wa waliosoma hapo, na wamo waliotoka shule zenye washauri wanaojua ni nani apelekwe wapi. Mwanafunzi wa Iringa au Kisumu hayumo katika makundi hayo, kwa hiyo faida yake halisi ipo, ila ni ndogo kuliko namba inavyodai. MIT, isiyochukua wanamichezo kwa utaratibu huo na isiyojali mzazi alisoma wapi, huonyesha picha iliyo wazi zaidi: msimu uohuo ilikubali kama 5 katika mia mapema, na 4.5 kwa jumla. Tofauti ni ndogo mno.

Si siri kwamba utaratibu huu huwanufaisha wenye uwezo. Harvard na Princeton zenyewe ziliufuta mwaka 2006 kwa kusema hivyo hivyo, kisha zikaurudisha mwaka 2011 walipoona washindani wao hawakuwafuata. Mwombaji hana mamlaka ya kuurekebisha, bali ya kuutumia akiwa macho.

Mahali ambapo ED humfaa kweli mwombaji mwenye uhitaji ni katika lile kundi la pili, la vyuo vinavyotazama mfuko. Novemba fungu la msaada bado ni zima, na chuo kinajua kwamba kikikukubali utakuja. Machi fungu limeshapungua. Kwa hiyo, kama chuo unachokipenda kuliko vyote kimo katika kundi hilo, kukipa karata yako si ujinga. Kama kimo katika kundi la kwanza, huna sababu ya kukimbilia kundi la pili kwa ajili tu ya asilimia.

Hatua ya nne: linganisha kalenda yao na ya kwetu

Kijana wa Tanzania hufanya mtihani wa kidato cha sita Mei na kupata matokeo Julai. Kwa maombi ya Novemba, ratiba hiyo ni nzuri ajabu: anaomba akiwa na matokeo kamili ya baraza la mitihani, NECTA, mkononi, na chuo hakilazimiki kukisia. Tatizo ni JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huwa kambini kwa miezi mitatu hivi, na fomu ya pamoja ya maombi, Common Application, hufunguliwa tarehe 1 Agosti wakati wengine bado wanakimbia mchakamchaka na simu zimekusanywa. Dawa yake ni kuandika rasimu ya insha na kuzungumza na walimu wawili wa mapendekezo kabla ya kuondoka shuleni Mei, wakati mwalimu wa taaluma angali akikukumbuka kwa sura na si kwa namba ya mtihani.

Kijana wa Kenya anayefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba hana nafasi ya kuandaa maombi ya maana mwezi huohuo, na matokeo yake hutoka Januari. Njia inayotumiwa zaidi ni kusubiri: matokeo Januari, SAT (mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani) katikati ya mwaka, maombi ya mapema Novemba. Wanaosoma mitaala ya Cambridge au IB hutumia alama za makisio kutoka kwa walimu wao, na wao wanaweza kuomba wakiwa bado darasani. Waliomaliza shule ya kimataifa ya UWC East Africa, Moshi au Arusha, wana mlango wa ziada, kwa kuwa programu ya Davis UWC Scholars husaidia kuwafadhili katika vyuo washirika. Orodha ya vyuo hivyo isomwe kabla ya kuchagua pa kuombea mapema.

Mtego mmoja unastahili maneno ya ziada. Anayesubiri majibu ya Marekani hushawishika kuanza shahada Dar es Salaam au Nairobi, kwa kuwa nafasi imetoka na mkopo umetoka. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyeanza shahada kama mwombaji wa kuhamia, na nafasi za wanaohamia, hasa zenye ufadhili, ni chache mno. Kabla ya kujisajili popote, kiandikie chuo barua pepe ukiuliza swali hilo moja, na uhifadhi jibu.

Kuhusu SAT, usijipange kwa matumaini kwamba haihitajiki. MIT iliirudisha mwaka 2022, Dartmouth ikafuata mwaka 2024, na vingine vikafuata. Mtihani wa Oktoba ndio wa mwisho ulio salama kwa maombi ya tarehe 1 Novemba, na nafasi za vituo vya kwetu hujaa mapema.

Hatua ya tano: visa iwe sehemu ya uamuzi

Zamani visa ilikuwa jambo la mwisho. Siku hizi ipime mwanzoni. Kwa tangazo la Rais wa Marekani la Juni 2025, raia wa Burundi walisimamishiwa visa kadhaa, zikiwemo za masomo, na kwa tangazo la Desemba 2025 Tanzania nayo iliingizwa katika nchi zenye zuio la sehemu kuanzia 1 Januari 2026. Matangazo ya namna hii huongezwa na kuondolewa, kwa hiyo tazama hali ilivyo wiki unayoomba, na tena kabla ya kutia saini.

Kwa mwombaji wa nchi iliyozuiwa, ushauri wangu ni kutojifunga kwa ED kabla hujakiuliza chuo kwa maandishi mambo mawili: je, mwanafunzi aliyenyimwa visa anaruhusiwa kusogeza mwaka, na je, msaada wake wa fedha utamsubiri? Na weka angalau ombi moja nje ya ardhi ya Marekani. NYU Abu Dhabi, yenye duru zake za ED na msaada mkubwa kwa wahitaji, ni chaguo ambalo familia za Waswahili wa Ghuba wanalifahamu zaidi kuliko sisi wa bara.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, kama watoto wa familia za wakimbizi wa Kongo walio Kentucky, wana njia nyingine kabisa. Anayesoma sekondari huko anaweza kuomba kupitia QuestBridge, ambayo fomu yake hufungwa mwishoni mwa Septemba na ambayo huwaunganisha wanafunzi wa kipato cha chini na ufadhili kamili. Kwa kijana huyo, QuestBridge itangulie ED.

Hatua ya sita: chagua

Chukua karatasi. Andika vyuo visivyozidi sita, na mbele ya kila kimoja mambo manne: aina ya maombi yake ya mapema, kundi lake la fedha, kama kina somo unalolitaka, na jibu la kweli kwa swali hili: kikinikubali Desemba na vingine vyote vikafutwa, nitalala usingizi?

Tuseme msichana amemaliza kidato cha sita Morogoro kwa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), anataka uhandisi, na familia inaishi kwa duka la rejareja na ekari mbili za mpunga. Karatasi yake ina MIT, Princeton, Dartmouth, Columbia na Bowdoin. Columbia inaanguka kwanza kwa duru ya mapema, kwa kuwa inatazama mfuko na anavyo vitatu visivyotazama vyenye uhandisi. Bowdoin haina shule ya uhandisi, kwa hiyo haiwezi kupewa ahadi ya kufunga Novemba. Zimebaki tatu. Akienda Princeton mapema hafungwi, lakini anaikosa MIT ya mapema. Akienda Dartmouth kwa ED, anaruhusiwa kuomba MIT kwa EA siku hiyohiyo, akijua kwamba Dartmouth ikimkubali ataiondoa MIT bila kusubiri. Akiomba MIT peke yake, anabaki huru hadi mwishoni mwa Aprili.

Jibu linategemea lile swali la usingizi. Kama angeipokea Dartmouth, ambayo ina shule ya uhandisi ya Thayer, kwa moyo mkunjufu, basi Dartmouth kwa ED pamoja na MIT kwa EA ndiyo mpango wenye nguvu kuliko yote. Kama atakuwa akiiwaza MIT kila siku, aombe MIT peke yake. Princeton, kwa hali yake, ningeiacha kwa mkupuo wa kawaida. Zuio lililopo katika tangazo la visa, kama bado linamgusa, linaweza kuupindua uamuzi wote na kumrudisha kwenye maombi yasiyofunga.

Hatua ya saba: karatasi za mwisho

Fomu ya fedha ya CSS Profile hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na ndiyo inayochosha kuliko insha zote. Imeandikwa kwa kudhani kwamba kila mzazi ana hati ya mshahara. Keti na mzazi wako jioni moja, mkiwa na daftari la duka, mkaandike mauzo ya mwezi, kodi ya pango, ada za wadogo zako, na thamani ya shamba kwa bei ambayo jirani angelinunua, si kwa bei ya ndoto. Badilisheni shilingi kuwa dola kwa kiwango kimoja kila mahali, mkiandike kiwango hicho kwenye nafasi ya maelezo. Pasipo hati, barua yenye muhuri ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kwa Kenya barua ya chifu, inasaidia. Ada ya maombi isikuzuie. Omba msamaha wa ada ndani ya fomu, na kwa CSS kiulize chuo.

Mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa kuwa mshauri wako ndiye anayepeleka rekodi za masomo na kutia saini ya ED. Mwandikie mapema kwa adabu, umweleze ni kitu gani hasa anachosaini, na uhakikishe barua pepe unayoijaza ni ile anayoifungua. Barua nyingi huanguka katika anwani ya shule ambayo nywila yake aliondoka nayo mwalimu aliyehamishwa.

Mwisho wa Common Application huhesabiwa kwa saa za mahali alipo mwombaji. Maana yake ni saa 5:59 usiku wa tarehe 1 Novemba kwa saa za Afrika Mashariki, na zile saa saba au nane ambazo Boston iko nyuma yetu hazikuongezei kitu. Peleka siku mbili kabla, umeme ukiwepo.

Majibu ya Desemba mara nyingi hutolewa jioni ya huko, yaani usiku wa manane kwetu. Ukikubaliwa kwa ED, soma kwanza barua ya msaada wa fedha; ikitosha, ondoa maombi mengine yote ndani ya siku chache. Isipotosha, andika siku hiyohiyo kuomba waipitie upya, ukiambatanisha ushahidi. Ukisogezwa kwenye mkupuo wa kawaida, ahadi ya kufunga imekwisha na uko huru, na barua fupi ya Januari yenye habari mpya ya kweli inatosha. Ukikataliwa, ED II iko mbele yako, hufungwa wiki ya kwanza ya Januari, na insha zake ziwe zimeshaandikwa kabla jibu halijaja.